Kumpata mfungishaji wa ndoa nje ya kanisa na msikiti: hatua kwa hatua

Mmekubaliana kuoana, na hapo hakuna tatizo. Tatizo ni nani asimame mbele yenu. Mmoja alibatizwa utotoni lakini hajaingia kanisani miaka mingi. Mwingine husali kwa namna yake, kimyakimya, bila dhehebu wala kiongozi. Ndoa ya ofisini peke yake mnaiona kavu mno: dakika chache, saini, kwaherini. Kwenda kwa padri au sheikh na kuitikia maneno msiyoyaamini nako mnaona ni kuianza ndoa kwa uongo.

Wapo watu ambao kazi yao ni kusimama hapo katikati. Wengine ni viongozi wa kiroho wasio na dhehebu, wengine wanahudumia watu wa imani mchanganyiko, wengine hawamtaji Mungu kabisa ila wanajua kuipa ahadi uzito wake. Katika mwongozo huu nitamwita mtu huyo mfungishaji, tusije tukamchanganya na msimamizi anayekaa ubavuni mwa bwana harusi, wala na mshereheshaji anayeshika kipaza sauti watu wakianza kula. Nimekuwa upande wa maandalizi wa harusi za namna hii mara kadhaa, moja nikiwa shahidi, na mengi ninayoyaandika nimejifunza kwa kuyaona yakiharibika.

Hatua ya kwanza: tenganisheni saini na maneno

Ndoa ina kazi mbili. Moja ni ya sheria: taarifa kwa msajili, mashahidi, saini, cheti. Ya pili ni ya maneno: ahadi, dua, ukimya, pete, machozi ya shangazi. Kanisani na msikitini mara nyingi mtu mmoja huzibeba zote mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba ni mbili. Ukimwajiri mtu wa nje ya mfumo huo, zinaachana, na ukisahau kwamba zimeachana ndipo unapokuta, miezi mingi baada ya sherehe nzuri, kwamba kisheria bado hujaoa.

Kwa wanaoogopa kwamba ndoa bila padri au sheikh ni nusu ndoa, hebu tuangalie dini zenyewe zinasemaje. Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki la Kilatini, wanaopeana sakramenti ya ndoa ni maharusi wenyewe. Padri au shemasi huipokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Katika fikihi ya Kiislamu msingi wa nikahi ni ijabu na kabuli, yaani tamko la kuozesha na la kukubali, na madhehebu ya Shafii yanadai pia walii, yaani anayemwozesha bibi harusi, na mashahidi wawili. Sheikh anayesoma hotuba si nguzo. Waquaker, Wakristo wanaojulikana pia kama Marafiki, wale wa ibada ya kimya, walikwenda mbali zaidi: maharusi wao husimama katika mkutano wa kimya, husema ahadi zao bila mtu kuwaongoza, kisha waliohudhuria wote hutia saini hati. Kwa hiyo mfungishaji, awe wa aina yoyote, hafungi chochote. Mnaofunga ni nyinyi. Yeye mnamwajiri aiongoze saa hiyo vizuri. Mkilielewa hilo mapema, hamtamnyenyekea kupita kiasi wala kumdai miujiza.

Hatua ya pili: ulizeni sheria ya mahali mtakapofungia

Angalieni sheria ya mahali ndoa itakapofungwa, hata kama mnaishi kwingine. Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ufaransa ndoa inayotambulika ni ya meya pekee, na kiongozi wa dini anayezoea kufungisha ndoa za kidini kabla ya ile ya meya anavunja sheria ya jinai. Ujerumani nako ni ofisi ya usajili wa raia tu. Wapo wafungishaji huru wengi na mahiri, lakini wanachokifanya hakina nguvu ya kisheria. Uingereza na Wales, sherehe inayoongozwa na wahumanisti, yaani watu wanaosimamia utu na akili bila kumtegemea Mungu, bado haimwondolei mtu useja mbele ya serikali: lazima muende pia kwa msajili, baada ya taarifa ya siku 28. Tume ya Sheria ya huko ilipendekeza mwaka 2022 mfumo wote ubadilishwe. Ukivuka mpaka kuingia Uskoti mambo yanageuka kabisa, kwa sababu wahumanisti wanafungisha ndoa halali huko tangu 2005. Ayalandi ilibadilisha sheria yake mwaka 2012, lakini mfungishaji lazima awe kwenye orodha rasmi, na taarifa ni ya miezi mitatu.

Australia ndiyo iliyofungua mlango huu mapema na kwa upana. Tangu 1973 serikali inawapa kibali raia wa kawaida, wanaume kwa wanawake, kufungisha ndoa popote: ufukweni, bustanini, sebuleni. Miaka ya karibuni zaidi ya ndoa tatu kati ya kila nne huko zinafungwa na watu hao. Uhuru huo una kamba zake: taarifa iwafikie si chini ya mwezi mmoja kabla na si zaidi ya miezi 18, mashahidi wawe wawili waliotimiza miaka 18, na kuna maneno ya sheria ambayo mfungishaji hana ruhusa kuyaruka, hata kama yanaharibu ushairi wa sherehe.

Marekani kila jimbo lina lake. Kanisa liitwalo Universal Life Church, lililoasisiwa na Kirby J. Hensley huko Modesto, California, na kusajiliwa mwaka 1962, limewapa watu wengi sana uchungaji kwa posta na sasa kwa intaneti, bila kuwauliza wanaamini nini. Majimbo mengi hayana shida nalo. Lakini mwaka 1989 mahakama ya rufaa jimboni New York ilikataa kuitambua ndoa iliyofungishwa na mtu wa namna hiyo, na mwaka 2019 Tennessee ilitunga sheria ya kuwazuia waliopata uchungaji mtandaoni, jambo lililozaa kesi. Kwa upande mwingine, Massachusetts hutoa kibali cha siku moja kwa rafiki yenu, New York nayo imeanza kufanya hivyo mwaka 2023, na Colorado maharusi wanaweza kujifungisha wenyewe bila mtu yeyote. Vibali vya ndoa navyo vina muda: New York ni siku 60, tena msifunge kabla saa 24 hazijapita tangu mpewe, California ni siku 90.

Msitegemee orodha yangu wala ya mtu mwingine. Nendeni ofisi ya msajili wa eneo husika, au pigeni simu, na muulize mambo haya bila aibu: nani anaruhusiwa kufungisha, taarifa inatolewa siku ngapi kabla, mashahidi wangapi na wawe na vitambulisho gani, kuna maneno ya lazima, kuna mipaka ya mahali au saa, nani anarudisha karatasi, na ndani ya siku ngapi. Andikeni jina la ofisa na tarehe mliyoongea naye.

Ushauri wangu, na nimeutoa kwa wengi: kama sheria ina utata hata kidogo, sainini kwanza. Nendeni kwa msajili siku chache kabla, mkiwa na mashahidi wenu tu, mmalize. Mkishafanya hivyo, mko huru kabisa kumchagua mfungishaji mnayemtaka. Anaweza kuwa mwalimu wa kutafakari, bibi yenu, mshairi, yeyote, kwa sababu hakuna kinachotegemea kibali chake. Wapo wanaoona hii inapunguza utamu wa siku yenyewe. Sijawahi kuona mgeni aliyelia kidogo kwa sababu saini ilitangulia.

Hatua ya tatu: jueni mnataka nini kabla ya kuongea na yeyote

Kaeni kila mmoja peke yake na karatasi. Andikeni majibu, kisha mbadilishane. Neno Mungu litajwe? Likitajwa, kwa jina gani? Iwepo dua, na aiongoze nani? Mtawakumbuka waliotangulia mbele ya haki? Kuna maneno ambayo mkiyasikia siku hiyo yatawachoma? Mwanamke mmoja niliyemsaidia aliandika neno moja tu kwenye sehemu hiyo: "mtii". Mwenzake hakujua kwamba neno hilo lilikuwa limemkera miaka yote ya kuhudhuria harusi za ndugu zake. Bora kulijua sebuleni kuliko madhabahuni.

Majibu yenu yakitofautiana, hiyo si dalili mbaya. Ndiyo taarifa ya kwanza ambayo mfungishaji mzuri atataka kuisikia.

Hatua ya nne: fahamuni aina za watu mtakaokutana nao

Kiongozi wa imani mchanganyiko amezoea kuunganisha mila mbili za dini katika saa moja bila moja kuimeza nyingine. Anafaa sana pale mmoja wenu au familia moja ina dini kwa dhati. Mhumanisti hataingiza sala, na wengi wao hawatakubali mkiwaomba waongoze dua. Hilo si ubaya, ni msimamo, ila mlijue kabla. Kiongozi wa kiroho asiye na dhehebu ni neno pana mno. Humo yumo aliyesoma na kutumikia miaka mingi, na yumo aliyejipa cheo wiki iliyopita. Wapo pia wapagani wa kisasa, ambao sherehe zao hufuata dunia, maji, upepo na moto. Wapo wachungaji wa Unitarian Universalist, ushirika uliozaliwa mwaka 1961 kwa kuunganisha makanisa mawili ya Marekani, ambao hawamlazimishi mtu ungamo lolote la imani. Halafu yupo rafiki yenu.

Kuhusu rafiki: anawajua, hana gharama, na watu watamsikiliza. Lakini kuongea vizuri mezani hakumfanyi mtu aweze kusimama mbele ya watu mia, akiwa na karatasi inayotetemeka, huku bibi harusi amechelewa na mvua inanyemelea. Mkimchagua rafiki, mpeni miezi, mpeni mswada, na mmwambie waziwazi kwamba hizo hadithi za ujana wenu hazitakuwemo.

Hatua ya tano: kutana nao, na msikilize nani anaongea

Pa kuwatafutia ni pengi: orodha za ofisi ya usajili pale zinapokuwepo, vyama vya wafungishaji, wenye kumbi, na zaidi ya wote wapiga picha. Mpiga picha amesimama mita chache kutoka kwa wafungishaji wengi kuliko mtu yeyote, na hana sababu ya kumsifia asiyejua kazi. Mwulizeni swali moja: ni nani angemtaka kwenye harusi yake mwenyewe?

Chagueni wawili au watatu, si kumi. Onaneni nao ana kwa ana au kwa video. Maandishi pekee hayatoshi, kwa sababu mnanunua sauti na utulivu. Katika nusu saa ya kwanza pimeni jambo moja kuliko yote: nani anaongea zaidi? Mfungishaji anayejua kazi huwauliza mlikutanaje, mkigombana mnapatanaje, nani atakosekana siku hiyo na kwa nini. Huandika. Anayeanza kwa kuwaeleza safari yake ya kiroho, nishati yake na watu maarufu aliowafungisha, mwacheni amalize chai yake na mwende zenu. Siku ya harusi atakuwa hivyo hivyo, ila safari hii mbele ya wazazi wenu.

Maswali yenu nayo yawe ya kazi:

- Una kibali cha kufungisha hapa, au unaongoza sherehe tu? Tunaweza kukiona?
- Mswada unauandika upya kwa kila maharusi, au una mmoja unaobadilisha majina?
- Tutausoma wote kabla, neno kwa neno?
- Kuna jambo ambalo hutalifanya au hutalisema?
- Ukiumwa siku hiyo, nani anakuja?
- Siku hiyo unafungisha ndoa nyingine?

Swali la pili lina hadithi. Nilihudhuria harusi mbili, miezi mitano kati yake, zilizoongozwa na mtu yule yule. Mara ya kwanza alisimulia jinsi maharusi wale walivyomfundisha upya maana ya subira, na nikaguswa. Mara ya pili maharusi wengine kabisa walimfundisha subira ile ile, kwa sentensi zile zile, hadi kituo cha kumeza mate. Hakuna aliyedhurika. Lakini bwana harusi wa pili alikuwa rafiki yangu, na sikuweza kumtazama usoni.

Swali la nne ndilo linalowapambanua. Asiyekuwa na mpaka wowote, anayekubali kila kitu kwa tabasamu, mara nyingi haamini chochote katika anachokifanya. Anayesema kwa upole, "Sala ya Kiislamu siwezi kuiongoza kwa sababu si Mwislamu, ila mjomba wako akiiomba nitampa nafasi," huyo mshikeni.

Ombeni pia kuona video ya dakika kumi ya sherehe aliyoiongoza, isiyohaririwa. Video iliyopambwa muziki haiwaonyeshi kama anajua kusubiri.

Hatua ya sita: andikeni mkataba

Watu huona haya kudai karatasi kwa mtu wa kiroho. Ondoeni haya. Ukurasa mmoja unatosha, mradi useme tarehe, saa, mahali, vikao vingapi kabla, mazoezi yapo au hayapo, nani anajaza na kurudisha karatasi za serikali, malipo ya awali ni kiasi gani na salio ni lini, nauli na malazi ni juu ya nani, na nini kitatokea mkiahirisha au yeye akishindwa. Ongezeni mstari mmoja kuhusu picha na hadithi yenu: anaweza kuzitumia kujitangaza au hawezi? Wengine hawakubali malipo na badala yake huomba sadaka au mchango. Hilo ni sawa, ila kiasi kijulikane. "Mtakachojaliwa" ni neno zuri linalowaacha watu wote wawili na kinyongo.

Hatua ya saba: mswada

Hapa ndipo mtakapotumia muda wenu mwingi, na msiharakishe. Sherehe nzuri ya namna hii huchukua kati ya dakika 20 na 30. Kanisani watu huvumilia zaidi kwa sababu wanaijua ibada na wana mahali pa kuitikia. Kwenu hawajui kinachofuata, na asiyejua kinachofuata huchoka haraka.

Mpangilio ambao haujawahi kuniangusha ni huu: kukaribisha, hadithi fupi yenu, usomaji au wimbo mmoja, kuulizwa nia, ahadi, pete, tendo la ishara kama lipo, kutangazwa. Kuulizwa nia na ahadi ni vitu viwili. Kwenye nia mnaitikia "ndiyo" au "nakubali". Kwenye ahadi mnasema wenyewe. Kama mmoja wenu ni mwoga wa watu, nia irefushwe na ahadi ifupishwe, au mfungishaji aseme kipande kwa kipande naye afuatishe. Si aibu. Kufuatisha ni njia ya kale, na sauti inayokatika katikati ya kufuatisha huwagusa watu kuliko shairi lililokaririwa.

Ahadi mkiziandika wenyewe, mkubaliane urefu na joto. Mmoja akija na utani wa sentensi nne na mwingine na kurasa mbili za machozi, wote wawili wataumia. Mpelekeeni mfungishaji zote mbili kwa siri. Yeye ndiye atakayewaambia kama zinalingana.

Matendo ya ishara yana hila zake. Mshumaa wa pamoja hauwaki nje penye upepo, na kuuwasha mara ya nne mbele ya watu wanaojizuia kucheka si kiroho. Mchanga wa rangi mbili unaomiminwa chupa moja unahitaji chupa yenye mdomo mpana. Kufungwa mikono kwa utepe ni kuzuri na kimya, lakini jaribuni fundo kabla, na mkumbuke kwamba mikono ikifungwa hamwezi kuvishana pete, kwa hiyo pete zitangulie. Chagueni tendo moja. Mawili yanafanana na maonyesho.

Jambo moja la heshima: msiazime ibada ya watu msiokuwa wao kwa sababu picha zake zinapendeza. Mfungishaji wa kweli atawauliza uhusiano wenu na ibada hiyo ni upi. Msipokuwa na jibu, iacheni.

Mswada ukikamilika, mmoja ausome wote kwa sauti na saa mkononi, taratibu, akivuta pumzi. Ukizidi nusu saa, anzeni kukata kwenye hotuba, si kwenye ahadi.

Hatua ya nane: wazazi

Habari isiwafikie kwa kadi ya mwaliko. Nendeni mapema, muwaambie kuna mtu anayeitwa fulani, atafanya hivi na hivi, na mnaomba baraka zao. Mkiweza, wakutanisheni naye. Mama aliyekataa kabisa "mganga wenu" anaweza kulegea akimwona ni mtu mzima anayesalimia vizuri na kusikiliza.

Lakini msiwadanganye kuhusu dini zao. Kwa Kanisa Katoliki, Mkatoliki anayefunga ndoa nje ya utaratibu wake bila ruhusa hahesabiki kuwa na ndoa halali kanisani. Anayeoana na asiye Mkatoliki anaweza kuomba ruhusa hiyo kwa askofu kupitia paroko, na inahitaji muda. Kanisa hilo pia halikubali sherehe ya pili ya kidini ya kutoa ridhaa upya. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao hawaruhusu Mwislamu mwanamke aolewe na asiye Mwislamu, na hakuna mfungishaji mwenye uwezo wa kubadili hilo kwa maneno matamu. Kama mambo haya yana uzito kwenu au kwa wazazi, ongeeni na paroko au sheikh kabla ya kulipa kitu chochote kwingine.

Wapeni wazee nafasi ya kweli ndani ya mswada. Baba asome, bibi abariki kwa lugha yake, mjomba aombe dua dakika mbili, na mwandikieni "dakika mbili" hasa.

Hatua ya tisa: mazoezi na siku yenyewe

Fanyeni mazoezi mahali penyewe, siku moja au mbili kabla, hata kwa nusu saa. Hamhitaji kusema ahadi. Jifunzeni kuingia, kusimama na kutoka. Simameni mkitazamana, na kifua kikielekea kidogo kwa wageni. Mfungishaji asimame nyuma katikati, na wakati wa busu asogee pembeni, la sivyo uso wake utakuwa katikati ya picha mtakayoitundika miaka yote.

Kipaza sauti kiwe cha kubana kwenye nguo ya mfungishaji, na kingine cha mkononi kwa ajili ya ahadi zenu. Mswada wake uwe umechapwa kwa herufi kubwa ndani ya jalada gumu. Simu huzimika, na karatasi isiyo na jalada hupeperuka. Pete akabidhiwe mtu mmoja ambaye hana mtoto wa kubeba.

Na jambo ambalo karibu kila mara husahaulika: mfungishaji awaambie wageni wakae. Watu husimama bibi harusi anapoingia, na wasipoambiwa hubaki wamesimama. Niliwahi kusimama sherehe nzima pamoja na wazee wenye magoti mabovu, wote tukitazamana, kila mtu akisubiri mwingine akae kwanza.

Kama mmeshasaini kwa msajili siku iliyotangulia, mwambieni mfungishaji asitumie maneno ya "kwa mamlaka niliyopewa na serikali". Hana mamlaka hayo siku hiyo, na shangazi mwanasheria atasikia.

Hatua ya kumi: karatasi baada ya ngoma kuanza

Kama mfungishaji wenu ndiye mwenye kibali, saini ziwekwe mara tu sherehe inapokwisha, kabla ya picha na kabla mashahidi hawajashika glasi. Mezani pawe na kalamu mbili za wino mweusi. Kagueni herufi za majina yenu moja moja kulinganisha na vitambulisho. Kosa la herufi moja likigunduliwa siku mnapoomba pasipoti au bima, kulirekebisha ni kupanda na kushuka ngazi za ofisi.

Mwulizeni atazirudisha lini. Uskoti hati inatakiwa irudi kwa msajili ndani ya siku tatu. Australia mfungishaji ana siku 14. Pigeni picha ya kila ukurasa kabla hajaondoka nao. Muda huo ukipita, pigieni simu ofisi ya usajili wenyewe, msimsubiri yeye. Cheti kikitoka, chukueni nakala mbili au tatu zilizothibitishwa kwa pamoja, kisha mmwombe mfungishaji awape mswada wake wa siku ile, huo huo aliousoma, wenye alama za kalamu pembeni na doa la jasho.